Spreyi ya bluu ya vidonda: kwa kuku wa uani inafaa wapi, na wapi unatupa pesa

Ingia duka lolote la dawa za mifugo, Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja, au Chake Chake kule Pemba, useme kuku wako kang'atwa na paka. Kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni kopo la spreyi ya bluu. Kampuni zinazoitengeneza ni nyingi na makopo hayafanani, lakini kilichomo ni karibu kilekile: antibiotiki ya oksitetrasaiklini, rangi ya bluu, spiriti ya kuyeyushia na gesi ya kusukuma. Ni dawa nzuri. Ila kwa kidonda cha kuku ni dawa ya kutiwa mwisho, na wengi wanaitia mwanzo. Hapo ndipo pesa inapopotea, na mara nyingine kuku naye.

Uzuri wake upo na hauna ubishi. Kuku huvutiwa na kitu chekundu. Akiona damu mgongoni mwa mwenzake atadonoa, atakuja wa pili, na mchubuko wa asubuhi unaweza kuwa shimo ikifika jioni. Rangi ya bluu inaificha ile nyekundu. Tena dawa inakauka haraka, haigandishi manyoya kama malhamu ya mafuta, na inafika mahali ambapo kidole hakifiki vizuri, kama chini ya mkia au kwenye mikunjo ya bawa. Kwa mchubuko wa juujuu, kwa upanga wa kichwani wa jogoo aliyetoka kupigana, kwa mtetea aliyekwanguliwa mgongo na kucha za jogoo, spreyi hii haina mpinzani dukani.

Namna ya kuipiga: tikisa kopo, lishike wima, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ngozi, bonyeza sekunde moja au mbili basi. Ukilisogeza karibu zaidi, gesi inatoka na ubaridi mkali unaoumiza ngozi, na dawa inatiririka badala ya kutanda. Kichwani usipulizie kabisa. Pulizia kwenye pamba, kisha paka kwa mkono, macho na tundu za pua ukiwa umezikinga. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, maana gesi inashika moto na mapafu ya ndege hayavumilii hewa yenye dawa. Spiriti iliyomo inawasha kwenye kidonda kibichi, kwa hiyo mshike kuku barabara kabla ya kubonyeza. Na ukinunua, angalia kopo lilikuwa limekaa wapi. Lililowekwa kwenye kioo cha duka likawa linapigwa jua mchana kutwa liache hapohapo: makopo ya gesi hayatakiwi kufika nyuzi joto 50, na oksitetrasaiklini yenyewe inaharibiwa na mwanga mkali.

Sasa upungufu wake, na huu ni mkubwa.

Spreyi haipenyi. Inatanda juu ya ngozi na kuishia hapo. Jino la paka ni jembamba na refu. Juu utaona tundu la milimita mbili, manyoya yakilifunika hulioni kabisa, na chini yake vijidudu vimeshapandwa ndani ya nyama. Mate ya paka na mbwa hubeba Pasteurella multocida, kijidudu kilekile kinacholeta kipindupindu cha kuku. Ukipaka bluu juu ya tundu la namna hiyo, umeliziba tu. Na usaha wa kuku si wa kutiririka kama wetu. Ni mgumu, wa manjano, kama kiini cha yai lililochemshwa. Hautoki wenyewe, unakaa ndani unakua. Ndiyo sababu kuku anaonekana kapona wiki nzima, halafu unapapasa unakuta donge.

Pili, spreyi inaficha. Ngozi ikishakuwa bluu huwezi tena kuisoma. Na ngozi ya kuku inasomeka vizuri ukijua: siku mbili tatu baada ya kuumia, mahali palipovilia damu hugeuka kijani. Wengi wakiona kijani wanadhani nyama imeoza, wanamchinja. Kijani peke yake, ngozi ikiwa kavu na haina harufu, ni damu iliyovilia inayovunjwavunjwa na mwili. Kuoza kunajulikana kwa harufu, unyevu na weusi. Kwa hiyo kagua na uoshe kwanza, rangi ije baadaye.

La tatu ni lebo. Makopo mengine yameandikwa ng'ombe, mbuzi na kondoo tu. Kuku asipotajwa, hapana siku za kusubiri mayai, yaani siku za kutoyala baada ya dawa, zilizopangwa kwa ajili yake. Muulize mtaalamu wa mifugo, na hadi upate jibu mayai ya kuku huyo yasiliwe wala yasiuzwe.

Kwa hiyo kitu kinachostahili pesa ya mwanzo ni iodini ya povidone ya asilimia 10, ile inayouzwa duka la dawa za binadamu, pamoja na bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake. Vyote viwili kwa pamoja ni rahisi kwa bei kuliko kopo la spreyi, na ndivyo vinavyofanya kazi yenyewe. Iodini haitumiwi kama ilivyo kwenye chupa; ikiwa kali inaunguza nyama mpya. Kijiko cha chai kimoja, yaani mililita 5, kwenye glasi ya mililita 250 ya maji safi kinatosha. Changanya ya leo leo, kesho uchanganye nyingine.

Kabla ya iodini kuna maji ya chumvi, ambayo hayana gharama na yanashinda nusu ya dawa zilizo rafuni. Lita moja ya maji, ichemshe, iache ipoe mpaka iwe vuguvugu, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Usizidishe kwa kudhani ikiwa kali ndiyo itatibu zaidi. Chumvi nyingi inawasha na kukausha nyama inayotaka kuota.

Kuosha kwenyewe kunataka watu wawili. Mfunge kuku kwa khanga, mabawa ndani, kichwa nje, na kifua kiachwe huru. Hili la kifua watu hulidharau na linaua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anavuta hewa kwa kuunyanyua na kuushusha mfupa wa kifua. Ukimkumbatia kwa nguvu ili atulie, unamnyima pumzi, na utulivu unaouona ndio anakata roho. Kama damu inatoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika tano kamili bila kuchungulia, maana kila ukichungulia unalibandua lile tone lililoanza kuganda. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu ya mililita 100 hivi mwilini mwake wote, kwa hiyo vijiko vya chakula viwili vitatu vilivyomwagika chini ni vingi. Unga wa mahindi unafaa kuzuia damu ya ukucha uliovunjika, lakini usiumimine ndani ya kidonda cha nyama, utaganda humo na kuwa uchafu.

Manyoya yanayozunguka kidonda yakate kwa mkasi, sentimita mbili kila upande. Usiyang'oe. Ngozi ya kuku ni nyembamba na nyoya likitoka kwa nguvu hupasuka nayo. Kisha jaza bomba, elekeza ncha kwenye kidonda na usukume kwa nguvu ya kiasi. Rudia mpaka maji yatoke meupe bila taka, mililita 100 hadi 200 kwa kidonda cha kawaida. Nguvu ya maji ndiyo inayong'oa vijidudu. Kupangusa kwa pamba kunavihamisha tu kutoka pembe moja hadi nyingine, na nyuzi za pamba zinabaki ndani. Malizia kwa iodini iliyochanganywa, acha ikauke, ndipo spreyi ya bluu ipite kama kidonda ni cha juujuu. Kama ni tundu refu, liache wazi, usilipake wala usilishone. Lioshwe mara mbili kwa siku, siku tatu za mwanzo, lifunge likianzia ndani.

Kuna vidonda visivyoruhusu maji. Tundu la ubavuni au mgongoni linalotoa mapovu kuku akipumua maana yake ni mfuko wa hewa, ule unaosukuma hewa mapafuni, umetoboka. Maji ukiyasukuma humo yanaelekea kwenye mapafu. Vivyo hivyo bawa lililovunjika karibu na bega mfupa ukiwa nje: mfupa ule wa juu una hewa ndani na umeungana na mifuko ya hewa. Na kuku aliyechanika kifuani juu, ukaona nafaka au maji aliyokunywa yanatokea hapo, mfuko wake wa chakula ulio chini ya shingo umepasuka, unataka kushonwa tabaka mbili. Hao watatu ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dukani hapana cha kuwasaidia, na muuzaji mwenye uadilifu atakwambia hivyo.

Paketi za antibiotiki za kutia kwenye maji zinauzwa kama karanga, na ndiyo bidhaa inayotusikitisha kuliko zote. Si kwamba dawa ni mbaya. Jino la paka au mbwa likishaingia, kuku anahitaji antibiotiki ya mwilini, na mapema, ndani ya siku ya kwanza. Tatizo ni namna tunavyozinunua na kuzitumia. Paketi imekusudiwa banda la kuku mamia, vipimo vyake ni vya ndoo na mapipa. Mwenye kuku mmoja anachota kwa ncha ya kisu. Kuku mzima hunywa kiasi cha mililita 200 hadi 300 kwa siku, joto likizidi hunywa zaidi. Mgonjwa hunywa kidogo sana, na kwa hiyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayepata ndogo zaidi. Juu ya hayo, maji ya visima vyetu vingi hapa Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamejaa kalsiamu. Tazama ule utando mweupe ndani ya birika. Kalsiamu hushikamana na oksitetrasaiklini ikazuia isifyonzwe tumboni. Maganda ya chaza na chokaa unayowapa kwa ajili ya mayai yanafanya vilevile. Kama umeandikiwa dawa hii, tumia maji ya mvua au ya chupa, ondoa chokaa kwenye chakula siku za tiba, badilisha maji ya dawa kila siku na chombo kikae kivulini. Unga wake ukigeuka kahawia, tupa. Na muuzaji akitaka kukupimia kijiko akakukunjia kwenye karatasi, usikubali: karatasi haina jina la dawa, haina tarehe ya mwisho, haina siku za kusubiri mayai wala nyama. Mtaalamu anaweza kukupa ya kudondosha mdomoni au sindano kwa uzito wa kuku mwenyewe, na kwa kuku mmoja hiyo ndiyo njia yenye hesabu.

GV, ile dawa ya zambarau, ni rahisi mno na rangi yake inaficha damu sawasawa na bluu. Kwa ajili hiyo inapendwa. Lakini Marekani imepiga marufuku kutiwa kwenye chakula cha mifugo kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa, na kuku wetu wengi mwisho wao ni chunguni, kuliwa. Iache. Haidrojeni peroksaidi povu lake linamfurahisha mtu, anaona kidonda kinachemka akaamini kinasafika. Linaunguza chembe mpya pamoja na uchafu. Spiriti tupu ni hivyohivyo.

Dawa za nyumbani nazo zinapewa sifa zisizolingana. Asali mbichi ni nzuri kweli kwa kidonda kipana kilichokwisha kuoshwa, inavuta maji na kuzuia vijidudu. Ubaya wake huku kwetu ni sisimizi na nzi. Ukiipaka, funika kwa shashi na bandeji, na kuku akae ndani. Mafuta ya nazi kwenye kidonda kibichi yanafungia uchafu na kulowesha manyoya. Yanafaa baadaye, kulainisha kigaga kilichokauka na kupasuka. Mafuta ya karafuu na ya makonyo, ambayo Pemba hayakosekani nyumbani, ni makali mno kwa nyama iliyo wazi. Dawa ya jino si dawa ya kidonda cha kuku. Majivu na unga wa kahawa ni uchafu tu.

Halafu kuna funza, na hapa tusifanyiane mzaha, hasa masika kuanzia Machi mpaka Mei, unyevu umetanda na nzi hawana mwisho. Nzi akitaga kwenye kidonda asubuhi, mayai yanaweza kuanguliwa kabla ya siku kwisha. Mayai yenyewe ni vijipunje vyeupe virefu vilivyogandana kwenye mizizi ya manyoya, mara nyingi chini ya mkia ambako mtu hatazami. Mafuta ya taa yanatajwa sana na yanaua funza, lakini yanaunguza ngozi, mvuke wake unaingia mapafuni, na funza walioko ndani hufia humo wakaoza. Sukuma maji ya chumvi vuguvugu kwa bomba. Wataanza kujitokeza wenyewe kutafuta hewa, uwatoe mmojammoja kwa kibano. Rudia ukipita muda wa saa nne, na tena jioni, maana wadogo hujificha. Hapa spreyi ya bluu ina faida nyingine: kidonda kikishakuwa kikavu, nzi havutiwi sana. Kinga bora kuliko dawa zote ni kipande cha chandarua kikuukuu kilichotandwa juu ya tenga au boksi alimolazwa mgonjwa.

Boksi hilo liwe mahali penye giza kidogo na kimya, chini pawe na kitambaa cheupe badala ya maranda ili uone damu, usaha na kinyesi. Mpe paketi ya ORS iliyochanganywa lita moja ya maji, ile ile ya binadamu, siku ya kwanza. Asilazimishwe kula saa za mwanzo. Aliyeshtuka chakula hakishuki.

Ya maumivu msijipe udaktari. Malhamu yenye dawa ya ganzi isitumiwe kwa ndege bila daktari, kipimo kikizidi kidogo moyo unasimama. Diklofenaki, ambayo imo karibu kila nyumba, inaharibu figo za ndege; nusura iwamalize tai wala mizoga wa Asia ya Kusini waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, mpaka India ikaizuia kwa mifugo mwaka 2006. Asprini inazuia damu kuganda, kwa hiyo haimfai anayetoka damu. Daktari ana meloxicam, na kipimo chake ni cha uzito.

Bandeji ya kujishika yenyewe, isiyo na gundi, ni ununuzi mzuri ukibahatika kuikuta, haing'oi manyoya. Mguu uliovunjika sehemu ya magamba, ngozi ikiwa nzima, unafungika nyumbani. Zungushia pamba kwanza, weka chelewa, zile njiti za makuti, kavu tatu nne pande mbili, zilizokatwa zisipite kifundo, kisha bandeji bila kukaza. Baada ya saa moja shika vidole: vikiwa baridi au vimevimba, fungua ufunge upya. Wiki tatu hivi kwa mkubwa, kifaranga haraka zaidi, na ukague chini ya bandeji kila baada ya siku tatu. Paja likivunjika, chelewa hazisaidii, nyama inauvuta mfupa kando.

Kuvimba kwa nyayo chini, kukawa na donge lenye kigaga cheusi, ni jambo jingine ambalo spreyi hununuliwa bure. Ni usaha mgumu ndani ya unyayo, umeingizwa na sakafu ya saruji au mawe makali, au kuku mzito anayeruka kutoka kwenye kitulio, ule mti wa kulalia bandani, kilicho juu. Bluu juu ya kigaga haifiki popote. Loweka mguu dakika kumi kwenye maji vuguvugu ya chumvi, paka iodini, funga, na ushushe kitulio kisizidi sentimita 45. Likiwa gumu na mguu mzima umevimba, lipasuliwe na anayejua.

Kumrudisha kwa wenzake kusifanywe kwa huruma. Kidonda kiwe na kigaga kikavu, au manyoya mapya yameanza kuchomoza, ambayo nayo yana damu ndani na yanavutia midomo. Hapo kopo la bluu lirudi kazini: mpulizie sehemu yote siku ya kwanza, mtoe jioni karibu na kuingia bandani badala ya asubuhi, na mtangulize na mtetea mmoja mpole kabla ya kundi zima. Jogoo atengwe siku hizo. Asubuhi yake kaa nao mpaka wamalize kula.